Mtu wa Mlimani Anatembea kwa Masikio

Kambale mwanangu,

Mvua imetukataza kazi tangu asubuhi. Njia ya kubebea mbao imekuwa kama sabuni, na jana mwenzetu mmoja alianguka na ubao begani, kwa hiyo kapita, msimamizi wetu, amesema leo tukae. Nimekaa juu ya gogo chini ya shiti la plastiki. Karatasi hizi nimezing'oa katika daftari la mtoto wa mpishi wetu, nitamletea jipya nikitoka huku. Uvumilie mwandiko. Unajua niliishia mwaka wa tano wa shule ya msingi, na tangu hapo mkono wangu umeshika panga kuliko kalamu.

Dereva anayepakia mbao zetu anaondoka saa saba. Barabara ikimkubalia, kesho mapema atakuwa Oicha, atakukuta bado hujawasha pikipiki. Isipomkubalia, mbao zinaenda Butembo hata hivyo, na ameniahidi atakutafuta kwenye kila parkingi ya motari wa pikipiki mpaka akuone. Kwa hiyo barua hii utaisoma tu. Nisichojua ni kama utaisoma kabla ya kupanda mlima au baada ya kufika, na hilo linanisumbua tangu jana.

Kakule, ambaye tunabeba naye ubao mmoja, yeye mbele mimi nyuma, ananicheka. Anasema, "Muzee, unaandika sawa katekista. Piga simu tu, iishe." Nikamwambia anionyeshe network iko juu ya mti gani, nitaupanda. Akasema mti huo tulishaupasua wiki iliyopita, uko ndani ya camion ya dereva.

Lakini hata kama network ingekuwa hapa chini ya shiti, nisingepiga. Jumapili, siku ya Mungu, nilipopanda kule kwenye kilima kuwapigia, mama yako alinipa habari yote: kwamba Oicha abiria wamepungua, kwamba njia za mashamba ya kakao hakuna motari anayezikubali tena kwa hofu ya wenye silaha, kwamba jioni inakukuta umekaa juu ya pikipiki bila hata kuipiga teke, na kwamba mjomba wako amekutengea chumba Butembo. Alisema, "Baba Kambale, mutoto anaenda. Umuambie kitu." Akakupa simu. Mimi nikaanza na maneno ya oili na matairi. Wewe ukacheka. Ukasema, "Papa, ya oili najua. Weye uliacha pikipiki mimi ningali nachezea matope." Kisha ukaniuliza, bila ubaya, "Kwani uliacha juu ya nini?"

Nikasema mgongo. Halafu simu ikakatika.

Haikukatika, Kambale. Niliizima.

Mgongo wangu wakati ule haukuwa na kitu. Ulianza kuuma huku msituni. Miaka yote nimekwambia wewe na mama yako habari ya mgongo, na mama yako amenikanda kwa maji ya moto mahali ambapo hapakuuma. Leo nakuandikia kile nilichopaswa kukwambia kwenye simu, kwa sababu unakwenda kuendesha mahali palepale nilipoendesha mimi. Mambo ya kula, ya kusali na ya kumheshimu mjomba, hayo mama yako ameshakwambia, tena vizuri kuliko mimi. Nayaacha.

Nilipopanda Butembo nilikuwa na umri wako mara moja na nusu, kama thelathini na kitu, na nilikuwa na pikipiki ya kwanza ya maisha yangu. Nilikuwa najiona fundi. Oicha nilikuwa napita kwenye matope ya magoti na mama watatu nyuma na mkungu wa ndizi mbele. Nikafikiri mtu aliyeshinda matope ameshinda yote.

Baridi ya Butembo haipigi hodi. Wewe umetoka kwenye joto, umezoea upepo wa pikipiki ukukaushe jasho. Kule upepo huohuo unakuingia kifuani kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba yako. Asubuhi ya kwanza nilifika parkingi na shati la mikono mifupi. Motari wa pale walikuwa wamevaa makoti kinyume, mgongo wa koti kifuani, zipu imefungwa nyuma, na ndani ya koti wameweka karatasi za mifuko ya simenti. Mimi nikawacheka. Wao ndio walicheka zaidi. Mmoja akaniuliza kama nimetoka Oicha, nikasema ndiyo, umejuaje. Akasema, "Batu ya joto tunabajua. Banakuyaka hapa na mikono wazi, ya kuogelea." Jioni meno yangu yalikuwa yanagongana mpaka abiria akaniuliza kama ninasali.

Basi koti nililigeuza kama wao. Hilo nawe utalifanya, na ni sawa, kifua kikipona siku imepona. Lakini sikiliza: baridi haimalizii kifuani. Inashuka kwenye mikono, na hapo inafanya kazi yake kimyakimya. Kifua kikiwa na baridi unajua, unatetemeka, unasimama kunywa chai. Vidole vikiwa na baridi hujui. Vinaacha kukwambia. Unadhani vimekamata, kumbe vimelala juu tu. Nitarudi hapo.

Kitu cha pili kilikuwa msongamano. Hapo Oicha, na hata Beni, ukipita zile njia pana za mtaa wa Ruwenzori unazozijua, una muda wa kumwona mtu na yeye ana muda wa kukuona. Butembo hakuna mwenye muda. Camion ya mbao, camion ya bia, tshukudu ya mbao ya magurudumu mawili iliyopakiwa makaa mpaka mwenye kuisukuma haonekani, mwanafunzi, mbuzi, motari mia, na polisi wa roulage anapiga filimbi ambayo kila mtu anadhani ni ya mwingine, wote ndani ya barabara moja inayopanda au inayoshuka. Hakuna tambarare ya kupumzikia. Juma langu la kwanza nilikuwa nyuma ya camion kwenye mteremko wa sokoni. Dereva akatoa mkono dirishani akaupunga. Kwetu mkono huo maana yake ni "pita, mbele kweupe." Nikapita. Kumbe alikuwa anamfukuza mama wa maparachichi aliyemng'ang'ania mlangoni. Mbele hapakuwa kweupe. Palikuwa na tshukudu inashuka na magunia sita, na ile, Kambale, breki yake ni kiatu cha mtu. Nilijitupa kwenye mtaro. Nilitoka na matope mpaka masikioni na hakuna aliyesimama, ila yule mwenye tshukudu alipiga kelele huku anaendelea kushuka, kwamba nikitaka kuoga nitafute mto.

Nakwambia hilo ucheke kidogo, na ujue kwamba alama za kwetu si za kule. Usipite kwa sababu ya mkono wa mtu mwingine. Pita kwa jicho lako.

Sasa nafika mahali pagumu.

Pale parkingi palikuwa na motari aliyeitwa Mbusa. Alikuwa mkubwa kwangu kazini, si kwa miaka. Alinipenda, alinifundisha njia za mkato, alinionyesha wapi roulage wanajificha. Siku moja tulikuwa tunashuka pamoja kutoka Musienene, mimi nimefunga giya na injini inanguruma, yeye akanipita kimya kabisa, kama ndege. Alinisubiri chini. Akaniambia, "Kilima kinakupa bure. Juu ya nini unakichomea esansi?" Ndiyo desturi yao. Wakifika kwenye kichwa cha mteremko wanazima injini, wanaweka giya huru, wanaachilia. Unateremka kilomita nzima bila tone la mafuta. Kwetu kwenye tambarare hakuna kitu kama hicho, na mimi nilikipenda kuliko motari wote wa mlimani. Nilijiona nimekuwa mtu wa kule. Mtu aliyejifunza jambo jana ndiye anayelifanya kupita kiasi leo.

Nilikuwa nafanya njia ya Lubero mpaka Alimbongo, kuwapeleka wachuuzi wa viazi. Alimbongo hujafika. Butembo ni baridi ya kukohoa, Alimbongo ni baridi ya kunyamaza. Asubuhi ukungu unakaa juu ya barabara na hauna haraka. Na asubuhi ile nilikuwa na mchuuzi mmoja nyuma, mtu wa haraka sana, alitaka kufika Butembo kabla wenzake hawajateremsha bei. Kulikuwa kumepambazuka, lakini ni kupambazuka kwa maziwa, unaona weupe, huoni kitu. Nilikuwa nimevaa koti kinyume. Mikononi nilikuwa nimevaa soksi za sufu, soksi za miguuni, kwa sababu gants, zile glavu za ngozi, niliziona kitu cha kujigamba. Ukungu ulikuwa umezilowesha.

Tulipofika kichwa cha mteremko, nikazima.

Nataka uelewe vizuri nilichozima. Sikuzima kelele tu. Taa ya pikipiki ile ilikuwa inakula nguvu ya injini, kwa hiyo na taa ilikufa. Giya ikiwa huru injini haikushikilii tena, kilo zote za pikipiki na za mchuuzi na zangu ziko juu ya breki tu. Na breki yenye nguvu iko mkononi. Na mkono uko ndani ya soksi yenye maji. Vyote hivyo nilivizima kwa kidole kimoja, nikaona raha. Upepo tu ulikuwa unasikika. Mchuuzi akaniambia nyuma ya shingo, "Hapo sasa, kijana."

Kile ambacho hakuna aliyeniambia, Mbusa naye hakuniambia kwa sababu labda hakuwahi kukifikiri, ni hiki. Watu wa mlimani kwenye ukungu wanatembea kwa masikio. Mama anayetoka shambani na mzigo, kamba kwenye paji la uso, shingo imeinama, hawezi kuinua macho. Hata akiinua, ataona nini? Pembeni ya barabara ni matope, kwa hiyo anatembea katikati, penye changarawe, na anasikiliza. Akisikia injini, anajua bado ana muda, anasogea. Ndivyo wanavyotembea tangu magari yaanze kupita kule. Wamezitegemea injini zetu kama unavyomtegemea mtu akupigie hodi.

Ulitokea mbele yangu mgongo wa mtu. Niliona kwanza viazi, kikapu chake cha viazi. Nikabana breki, na mpaka leo naapa nilibana, lakini vidole vilikuwa juu ya chuma tu, havikukamata. Nilimgonga upande wa kiuno. Sauti haikuwa kubwa. Nilichosikia sana ni viazi. Vilimwagika vikateremka barabarani peke yao kwenye ule ukungu, vingi, vinadunda, na vilichukua muda mrefu kunyamaza.

Sisi tulianguka mbele kidogo. Mchuuzi hakuumia, mimi nilichubuka goti. Nikarudi pale alipo. Alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umekaa vibaya, kamba bado iko kwenye paji. Alikuwa mama wa umri wa mama yako leo. Alinitazama, na hakupiga kelele. Akasema, polepole, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni kanisani:

"Munisamehe. Sikusikia kitu."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha, Kambale.

Kutoka kwenye nyumba za jirani sauti zikaanza, watu wanaitana kwa Kinande. Mchuuzi akanivuta koti. "Washa. Kijana, washa tuende, batatuua hapa." Na mimi nilijua kwamba anaweza kuwa anasema kweli. Umeona mwenyewe Oicha, motari akigonga mtu, fimbo zinafika kabla ya maswali. Niliogopa. Nilikufikiria wewe na mama yako, au nilijiambia kwamba ninawafikiria, sijui. Nikainua pikipiki, nikaipiga teke, ikawaka mara ya kwanza, ile pikipiki iliyokuwa inanisumbua kila asubuhi. Tukaondoka.

Sauti ya injini yangu, yule mama aliisikia wakati ninamkimbia.

Sitakuficha mengine. Nilimfikisha mchuuzi, nikamwambia Mbusa pikipiki imenichosha, na baada ya majuma mawili nilikuwa nimeshuka Oicha. Pikipiki ilitoka mikononi mwangu. Mama yako akauliza, nikasema mgongo. Nikaingia kwenye kakao, kisha kwenye mbao, kila mwaka mbali zaidi na barabara kubwa. Watu wanasema nimekaa huku kwa ajili ya kazi. Kazi ipo, ni kweli. Lakini kuna kazi hata Beni, ya kupakia magunia, na wenzangu waliniita, na mimi sikwenda. Huku hakuna motari. Hakuna kushtuka kila pikipiki inapopita kimya.

Nilikaa miezi mingi bila kujua kama aliishi au alikufa. Nilikuwa nauliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. Mwishoni mchuuzi mwingine akaniambia kwamba aliishi. Wanamwita Mama Kavira. Nyonga ilivunjika, ikaungwa nyumbani, ikaunga vibaya. Shamba hawezi tena.

Nilikwenda kumwona mara moja. Mama yako anakumbuka safari ile, nilimwambia ninakwenda kutafuta mbegu za viazi. Nilibeba chumvi na sabuni, na njia nzima nilikuwa natengeneza maneno. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake, mguu umenyooka mbele, fimbo pembeni, anaambua njegere. Akanisalimu vizuri kabisa. Hakunitambua, angenitambuaje, aliniona siku moja kwa kiasi cha kupepesa jicho. Akaniuliza ninatafuta nani. Nikasema nina kiu. Akamwita mjukuu alete maji, na akaniomba msamaha kwamba hawezi kuamka kunihudumia mwenyewe. Mara ya pili, Kambale. Nikanywa, nikasema wasingya, asante ya kwao, nikaondoka.

Chumvi na sabuni nilirudi nazo. Mama yako alizipokea akafurahi. Ndizo mlizotumia mwezi ule.

Nimesimama kidogo kuandika. Kakule aliniletea chai, akatazama uso wangu, akaenda kukaa upande mwingine wa shiti bila mzaha. Ni mtu mzuri.

Sasa wewe unapanda kesho, na mimi ninakuona. Ninakuona unatoka Beni, hewa inaanza kubadilika, unasimama kuvaa koti. Ninakuona siku ya tatu, pale parkingi, wenzako wanakucheka kama walivyonicheka, na wewe una kiburi cha kutaka kuwa kama wao haraka, kwa sababu kiburi hicho ulikitoa kwangu. Na siku moja kuna mtu atakupita kimya kwenye mteremko, kama ndege, atakusubiri chini, atakwambia kilima ni bure. Hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa rafiki yako. Hapo ndipo ninapoogopa. Wezi na wanajeshi siwaogopi sana kwako, hao unawakwepa. Naogopa rafiki anayekufundisha mahali pa kupunguza esansi.

Acha injini iseme. Watakucheka, watasema mtoto wa joto anachoma mafuta yake kwenye mteremko. Waache. Unashuka na giya, injini inakushikilia, taa inawaka, na mama aliye mbele anakusikia. Nunua gants za ngozi kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kupendeza. Na ukiwa huzihisi ncha za vidole, simama, hata kama abiria anatukana, weka mikono karibu na injini mpaka iume. Ikianza kuuma, ndipo iko tayari kwa kazi. Mkono usiouma usiuamini.

Na sasa jambo ambalo sijui kukushauri vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe sikulifanya. Ukimgonga mtu, kaa.

Nimelifikiria neno hilo miaka yote, usiku na mchana, na ubao begani, na bado sina hakika na nusu yake ya pili, ile ya kukaa. Sina hakika kwamba hawatakupiga. Labda watakupiga. Nasikia ukivua kaske kichwani watu wakauona uso wako, ukakaa chini karibu na aliyeumia, ukamshika mkono, ni vigumu zaidi kwao kukuinulia fimbo. Nasikia ukitaja jina lako na la mjomba wako na la kanisa lenu kwa sauti, wanaanza kuuliza maswali. Sijui. Ninakuambia tu ninachokijua: yule anayebaki anaweza kupigwa siku moja, ikaisha. Mimi nimekuwa ninapigwa mpaka leo, na anayenipiga hachoki, na hakuna wa kuja kuamua.

Sikuandikii haya ili uogope pikipiki. Motari mwoga naye anaua. Nakuandikia kwa sababu kama ungenikuta siku moja nimezeeka na nikakwambia habari hii kando ya moto, ingekuwa hadithi tu, na wewe ungekuwa umeshashuka miteremko elfu.

Kuna jambo la mwisho. Unajua kwamba vita imefika kule Alimbongo. Watu wameshuka, wengi wako Butembo, kwa ndugu zao, wengine kwenye mashule. Dereva alinisimulia wiki iliyopita kama habari ya kawaida, hakujua anamsimulia nani. Tangu hapo ninahesabu umri wa Mama Kavira. Anaweza kuwa amekufa. Anaweza kuwa yuko Butembo, mahali fulani kwenye njia zako. Unaweza kumbeba, Kambale. Unaweza kumbeba mara kumi usijue. Nimetaka kukuomba umtafute, umwambie. Niliandika hivyo kwenye karatasi nyingine, nikaisoma, nikaitia kwenye moto wa mpishi. Lile ni deni la mdomo wangu, sitalipitisha kwenye wako. Mti huu tunaopasua na mwingine mmoja ikiisha, nitashuka mimi. Nitaanza na mashule. Nitauliza moja kwa moja, kwa jina. Naogopa hata kuandika hivi, kwa sababu sasa umeyasoma na huwezi kusahau, na mimi siwezi tena kusema ni mbegu za viazi.

Wewe fanya hili tu. Kule, mzee anayechechemea hana bahati parkingi. Motari wanamtazama anakuja, wanaona jinsi atakavyochelewa kupanda, wanawasha na kwenda kwa mwingine. Mngoje. Mngoje mzee yeyote. Usimuulize jina kwa ajili yangu.

Unaweza kunikasirikia. Una haki, na mama yako ana haki zaidi. Yeye nitamwambia mwenyewe, umwachie mpaka nifike. Lakini ukiisoma barua hii asubuhi kabla hujaondoka, usipande pikipiki na hasira hiyo. Kaa kwanza. Kunywa chai ya mama yako. Kama ni lazima, ondoka kesho kutwa, mjomba atangoja. Hasira nayo inafanya vidole visihisi.

Saa saba imekaribia, dereva anafunga kamba. Ukifika, mtafute, anarudi huku baada ya siku nne. Mpe kipande cha karatasi, uandike kwamba umefika na mikono yako ni mizima. Usiandike kwamba umenisamehe. Hilo si lako kulitoa, na ukinipa wewe nitalichukua, na nikishalichukua sitashuka.

Ni mimi baba yako, huku kwenye mbao.